Kuvuta si kubeba: pikapu ipi itamudu tela lako?

Muulize muuzaji pikapu yake inavuta kilo ngapi, jibu analo mdomoni: 3,500, 4,500, na analitaja kwa sauti. Muulize sasa itabakiza nafasi ya kilo ngapi ukishafunga tela na kupakia watu wanne, utamwona anaanza kupekua karatasi. Simlaumu sana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na siku ya kuteremka mlima na tela mgongoni yeye hatakuwemo garini.

Pikapu iliyofungwa tela inafanya kazi mbili kwa mpigo: inavuta na inabeba. Tela halifuati nyuma tu kama mbuzi wa kamba. Sehemu ya uzito wake inashuka kupitia shingo yake hadi kwenye ndoana ya gari, na kilo hizo gari linazibeba sawasawa na ambavyo lingebeba magunia kwenye bodi. Kwa tela la kawaida linalofungwa nyuma ya bampa, uzito huo wa shingo unatakiwa uwe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela likiwa limepakiwa. Ukiwa mdogo mno, tela linaanza kuyumba kushoto na kulia barabarani. Matela makubwa yanayofungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma, hulaza zaidi: asilimia 15 hadi 25. Ulaya wana desturi ya shingo nyepesi kuliko hizo, kwa hiyo usishangae ukisoma ushauri wa huko na wa Marekani ukaona havifanani.

Kabla ya kulinganisha magari, tuelewane kuhusu namba zenyewe, maana ndipo watu wanapochanganya mambo. Uzito wa juu wa gari, ambao kwenye stika huandikwa GVWR au GVM, ni uzito ambao gari lenyewe halitakiwi kuuvuka likiwa na watu, mafuta, mizigo na ule uzito wa shingo. Ukitoa humo uzito wa gari tupu, unapata uwezo wa kubeba. Uzito wa juu wa msafara, GCWR au GCM, ni wa gari na tela kwa pamoja. Halafu kila ekseli ina mpaka wake, na ndoana nayo ina wake. Uwezo wa kuvuta ni namba moja tu katika kundi hilo, na ukivuka yoyote kati ya hizo umezidisha, hata kama nyingine zote zina nafasi.

Sasa tuweke magari mawili ubavu kwa ubavu. La kwanza ni pikapu ya kundi la Hilux, Ranger na D-Max: dabo kebini, dizeli, springi bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine huko nyuma. La pili ni pikapu pana ya Kimarekani, ya kundi wanaloliita nusu tani, injini ya petroli yenye nguvu, kebini kubwa, viti vya ngozi. Namba ni za mfano, nimezipanga ziwe nyepesi kuhesabu, lakini ziko palepale ambapo magari ya makundi haya huwa. Zote ni kilo.

| | Gari la kwanza | Gari la pili |
|---|---|---|
| Uzito likiwa tupu, tangi limejaa | 2,150 | 2,450 |
| Uzito wa juu wa gari | 3,100 | 3,150 |
| Uwezo wa kubeba | 950 | 700 |
| Uwezo wa kuvuta | 3,500 | 4,500 |
| Mpaka wa ndoana | 350 | 450 |
| Uzito wa juu wa msafara | 5,950 | 7,300 |

Mtu akitazama jedwali hili haraka haraka atachukua la pili. Ni kubwa, lina nguvu, linavuta tani nzima zaidi. Tulipakie basi tuone.

Tela letu, likiwa na kila kitu ndani yake, lina kilo 2,800. Garini wamo wazazi wawili na vijana wawili, jumla kilo 300. Kwenye bodi kuna mizigo ya kilo 120: kisanduku cha barafu, mahema, vifaa vya gari. Kanopi na chuma cha ndoana vilivyofungwa baadaye vina kilo 100. Hiyo ni 520 kabla hujaligusa tela. Uzito wa shingo, kwa asilimia 10, ni 280. Jumla ya kubeba: 800.

Gari la kwanza linaruhusiwa 950, kwa hiyo bado lina 150. Msafara wote una 5,470, mpaka ni 5,950, unabaki na 480. Safari halali.

Gari la pili linaruhusiwa 700. Limezidishwa kilo 100. Na hapo uwezo wake wa kuvuta una nafasi ya kilo 1,700 ambazo hazijaguswa, na msafara una nafasi ya 1,530. Injini haitalalamika hata kidogo, itapanda mlima huku dereva akipiga mluzi. Wanaoumia ni springi, ekseli, beringi za magurudumu na tairi, na hao hawana sauti hadi siku wanapokatika.

Ndiyo maana nasema namba ya kuvuta ni ya mwisho kutazama. Kwa gari la aina ya pili likiwa na familia ndani, uwezo wa kubeba unakwisha muda mrefu kabla ya uwezo wa kuvuta.

Ila usikimbilie kusema gari la kwanza limeshinda. Badilisha tela, weka la kilo 3,500, ile namba ya kwenye tangazo. Shingo inakuwa 350, jumla ya kubeba 870, bado ndani ya 950. Lakini msafara: 2,150 na 520 na 3,500 ni 6,170. Umevuka mpaka kwa kilo 220. Mtengenezaji anasema gari linavuta 3,500, na hasemi uongo. Hasemi tu kwamba ukivuta 3,500 kamili gari lenyewe haliruhusiwi kuwa na zaidi ya kilo 300 za watu na mizigo kwa pamoja. Ukiwa wanne wenye miili, viti vimeshaimaliza nafasi na bodi inakwenda tupu.

Sasa toa familia. Dereva peke yake, kilo 85, chuma cha ndoana 40, hakuna kanopi, tela lilelile la 3,500. Magari yote mawili yanabeba 475 na kupita bila shida. La kwanza linabakiwa na kilo 175 tu kwenye msafara, la pili lina zaidi ya tani moja. Hapa mimi ningechukua la pili bila kufikiri mara mbili: ni zito zaidi kuliko la kwanza, chesisi ni ndefu, na tela likitaka kuliyumbisha linakutana na mwenyewe. Kwa mtu anayevuta mashine kutoka eneo moja la kazi hadi jingine, yeye na msaidizi wake, lile gari la viti vya ngozi ndilo sahihi. Kwa familia yenye tela la kulala ndani, silo. Ni magari yaleyale mawili, na jibu limegeuka kwa sababu ya waliokaa kwenye viti.

Kuna jambo jingine ambalo jumla haziwezi kukuonyesha, nalo ni la mtarimbo. Ndoana haikai juu ya ekseli ya nyuma, iko nyuma yake kwa zaidi ya mita moja. Uzito unaoshuka pale unaikandamiza ekseli ya nyuma na papo hapo unainyanyua ya mbele. Chukua gari la kwanza: kati ya ekseli na ekseli kuna mita 3.1, na kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye ndoana mita 1.25. Kilo 280 za shingo zinakuwa kama 393 kwenye ekseli ya nyuma, na ekseli ya mbele inapoteza 113. Gari la pili ni refu, mita 3.7 kati ya ekseli, ndoana iko mita 1.3 nyuma, kwake zinakuwa 378 nyuma, na mbele zinapungua 98. Tofauti si kubwa kwenye karatasi. Kwenye usukani utaisikia.

Niliisikia mimi mwenyewe mwaka niliokuwa na haraka kuliko akili. Tela la watu, nimelipakia mambo mazito yote mbele kwa sababu mlango ulikuwa huko. Kutoka nje ya geti nikaona usukani umekuwa laini, mlaini wa raha, nikafurahi. Giza lilipoingia, madereva wa mbele yangu wakaanza kunimulikia. Nilidhani nimesahau taa kubwa. Kumbe taa ndogo zilikuwa zinamulika matawi ya miti, pua ya gari ikiwa imeangalia juu kama mtu anayetafuta mwezi. Tairi za mbele zilikuwa zimeigusa barabara kwa adabu tu. Kona ya kwanza yenye unyevu gari liliendelea mbele kidogo kabla ya kukubali kukata, na hapo furaha ikaisha. Nilisimama, nikahamisha vitu kwa mkono, usiku, kwa tochi ya simu.

Watu wakiona mkia umelala, dawa ya kwanza wanayokimbilia ni mifuko ya hewa ya kusaidia springi, au kuongeza jani la springi. Mkia unanyanyuka, gari linapendeza. Uwezo wa kubeba haujaongezeka hata kilo moja, maana ekseli ni ileile, breki ni zilezile, na stika haijabadilika. Ndoana zenye fito za kusambaza uzito ni bora zaidi, kwa sababu zinarudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele na nyingine kwenye ekseli za tela, na kwa pikapu yenye springi za mviringo kama za godoro ningezihesabu kuwa za lazima ukivuta tela zito. Lakini nazo hazigusi mpaka wa gari wala wa msafara.

Tukirudi kwenye kuchagua: namba ya kubeba unayoisoma kwenye kijitabu cha mauzo mara nyingi si ya gari unalolitazama. Ile kubwa kabisa ni ya gari jepesi kabisa la aina hiyo, singo kebini, magurudumu mawili ya kuendesha, viti vya kitambaa. Kila starehe inayoongezwa inakatwa humo: paa la kioo, magurudumu makubwa, ngazi za umeme, kebini ndefu. Hata majina ya "nusu tani" na "robo tatu tani" ni ya zamani, hayapimi tena chochote. Kwa magari ya soko la Marekani, fungua mlango wa dereva na utafute stika yenye rangi ya manjano na nyeupe. Inasema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani, na hicho kimehesabiwa kwa gari hilohilo lilivyotoka kiwandani. Magari mawili ya jina moja, yamesimama jirani, yanaweza kupishana kilo 200 kwenye stika hiyo. Vilivyofungwa baada ya kiwanda, kama kanopi, ngao ya mbele, winchi au tangi la ziada, unavitoa mwenyewe.

Angalia pia kama dereva amehesabiwa. Ulaya uzito wa gari tayari kwa safari unajumlisha dereva wa kilo 75 na tangi lililojaa asilimia 90. Australia wanapima tangi likiwa limejaa, kiti kitupu. Kwenye stika ya Marekani dereva ni sehemu ya mzigo. Ukilinganisha kijitabu cha nchi moja na cha nchi nyingine, gari moja linaweza kuonekana limeongezewa au kupunguziwa mtu mzima.

Namba ya kuvuta nayo ina historia yake. Zamani kila kampuni ilijipimia, hadi chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kilipotoa kipimo kinachoitwa SAE J2807. Toyota ndiyo iliyotangulia kukitumia, kwenye Tundra ya 2011, na wengine wakafuata. Ni mtihani wa kweli: gari na tela vinapandishwa mlima wa Davis Dam huko Arizona kwenye joto kali, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa, na mwendo hautakiwi kushuka chini ya kiwango. Ila garini huhesabiwa dereva na abiria mmoja, kilo 68 kila mmoja. Familia, kisanduku cha barafu na kanopi havimo. Nikikumbuka hivyo, tangazo lolote la kuvuta nalisoma kama namba ya watu wawili wembamba.

Vipi kuhusu kundi la tatu, zile pikapu nzito za Kimarekani za robo tatu tani? Gari la namna hiyo lenye uzito mtupu wa 3,050 na mpaka wa 4,500 linabeba 1,450, kwa hiyo mzigo wetu wa 800 linauchukua na kubakiza 650. Kwa tela la kulala lenye zaidi ya tani 4, hakuna haja ya mjadala, chukua hilo. Lakini likiwa tupu linaruka barabarani kama punda mwenye hasira, na uzito wake wa juu unavuka kilo 3,500, ambao Ulaya ndio mwisho wa leseni ya kawaida ya daraja B. Tena ujihadhari na injini. Watu huagiza dizeli kwa sababu ya nguvu ya kuvuta, na injini hiyo ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli, wakati mwingine kwa kilo 200 na zaidi. Uzito wa juu wa gari usipoongezwa, kilo hizo zinatoka kwenye uwezo wako wa kubeba. Unalipia nguvu ya kuvuta tela ambalo shingo yake huwezi kuibeba.

Mtego huohuo upo kwa pikapu za mbio za jangwani. Ranger za kawaida zinatangazwa kuvuta kilo 3,500. Ranger Raptor, yenye springi laini na sura ya kutisha, ni 2,500. Sura haivuti tela.

Kwa kuchagua, mimi ningeanza na tela, wala si gari. Tena tela likiwa limepakiwa, maji yakiwemo, kwa sababu lita 100 za maji ni kilo 100 na hakuna anayezikumbuka. Peleka kwenye mizani ya magari na upime mara tatu: gari peke yake likiwa na watu wake, gari lililofungwa tela huku magurudumu ya tela yakiwa nje ya sahani, halafu vyote. Tofauti ya kipimo cha kwanza na cha pili ni uzito wa shingo, na ya kwanza na ya tatu ni uzito wa tela lenyewe. Tela langu niliamini lina 1,900 kwa sababu ndivyo bati lake lilivyosema likiwa tupu. Mizani ikasema 2,260, na shingo 310, karibu asilimia 14, kwa kuwa jenereta na tangi la maji viko mbele ya ekseli.

Kama mizani ya magari iko mbali, ile ya bafuni inatosha kwa shingo. Laza ubao imara, ncha moja juu ya kipande cha bomba lililokaa kwenye tofali, ncha ya pili juu ya bomba lililokaa kwenye mizani. Shingo ya tela ishuke kwenye ubao sentimita 30 kutoka kwenye tofali na 60 kutoka kwenye mizani. Unachosoma, zidisha kwa tatu. Toa kwanza uzito wa ubao wenyewe, na zuia magurudumu ya tela kwa mawe kabla hujaanza, tafadhali.

Ukishapata namba hizo mbili, jumlisha shingo, watu wote kwa uzito wao wa kweli na kila kilichofungwa garini, kisha tafuta pikapu ambayo stika yake inazidi jumla hiyo kwa angalau kilo 100 au 150. Baada ya hapo ndipo uangalie msafara, na kama unaishi au unasafiri juu milimani upunguze mpaka wake; vitabu vya baadhi ya magari husema asilimia 2 kwa kila mita 300 za kupanda. Uwezo wa kuvuta utaukuta umeshapita wenyewe.

Kama ni gari lililotumika, piga goti utazame tairi kabla ya kusikiliza injini. Karibu na vipimo vya tairi kuna namba ya mzigo: 113 ni kilo 1,150 kwa tairi moja, 110 ni 1,060, 100 ni 800. Nimeona pikapu imevalishwa ringi za kung'aa na tairi za 100. Mbili za nyuma zinabeba 1,600, wakati ekseli ya magari hayo huruhusiwa kama 1,900. Mwenye gari alikuwa anasifia stika ya mlangoni, na stika ilikuwa sahihi kwa tairi ambazo hazikuwepo tena.